Nabucco: Wimbo wa Mateka na Toba ya Mfalme

Opera ni mchezo ambao maneno yake huimbwa. Nabucco ni opera ya Mtaliani Giuseppe Verdi; maneno yake aliyaandika Temistocle Solera. Ilichezwa mara ya kwanza Milano, tarehe 9 Machi 1842. Kati ya 1838 na 1840 Verdi alikuwa amezika watoto wake wawili na mke wake, machozi aliyajua.

Habari yenyewe ni ya Wayahudi waliochukuliwa mateka na mfalme Nabukodonosor mpaka Babilonia. Katika sehemu ya tatu wanakaa kando ya mto Eufrate na kuimba juu ya nchi yao iliyopotea. Wimbo huo umetoka katika Zaburi ya 137. Waimbaji wengi, karibu wote kwa sauti moja, kama watu waliochoka: hapo Verdi ametushinda wote.

Sisi wa Likasi hatuhitaji kufasiriwa wimbo huo. Katika miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mji wetu. Walilala stesheni miezi mingi wakingoja gari la moshi, na wengine walifia palepale. Wengi wao walizaliwa hapahapa. Kasai walikuwa hawajaiona.

Lakini tuangalie jambo moja. Zaburi ile inamalizika kwa kutamani kisasi, hata juu ya watoto wachanga. Katika opera mateka hawaombi hivyo. Anayetangaza maangamizi ya Babilonia ni nabii Zaccaria, naye anawakemea wasilie. Basi, je, Babilonia inaangamia? Hapana. Mfalme aliyepatwa na wazimu kwa kujiita mungu anamwomba Mungu wa Waebrania, akili zake zinarudi, naye anawafungua mateka. Kinachoanguka ni sanamu tu.

Mwenye kujua Biblia atasema: aliyewaruhusu Wayahudi kurudi ni Kiro, mfalme wa Waajemi. Ni kweli. Kosa hilo namsamehe Solera, maana ametuonyesha kwamba mkandamizaji naye aweza kupiga magoti.

Kosa lingine simsamehe. Toba ya mfalme ni nyepesi mno. Anasali mara moja, na kila kitu kimekwisha. Nyumba zilizochomwa Yeruzalemu nani atazijenga? Zakayo wa Injili hakufanya hivyo: aliahidi kuwarudishia mara nne wote aliowadhulumu.

Nyumba za waliofukuzwa hapa ziliingiwa na wengine. Kwa hiyo, ndugu, wimbo wa mateka ukikuliza, machozi ni mema. Lakini kabla ya kuyafuta, jiulize: siku zile za stesheni, mimi nilikuwa mateka, au nilikuwa mtu wa Babilonia? Na kama nilikuwa wa Babilonia, nimerudisha nini?