Miksi Ndiyo Iliyoiangusha Cub

Cub ile ya manjano, ndege ya modeli inayoendeshwa kwa rimoti, ilianguka kabla haijapaa. Iliangukia mezani, pale rubani wake alipoamua kwamba miksi ya eleroni na usukani, yaani mpangilio wa rimoti unaousogeza usukani kila eleroni inaposogea, ibaki kwenye asilimia 50 kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena bila kuitengea swichi ya kuizima. Yaliyofuata baada ya hapo yalikuwa utekelezaji tu.

Ilipaa vizuri na lupu zake zilikuwa za mviringo.

Sasa tuje kwenye kutua, maana hapo ndipo penye kesi. Upepo ulivuma kutoka kushoto, si wa kutisha, lakini wa kutosha kuisukuma ndege kulia kwa njia. Dawa yake kila mtu uwanjani anaijua: bawa la kushoto linainamishwa kuelekea upepo kwa eleroni, na usukani unapelekwa kulia ili pua ibaki sambamba na njia. Mikono inavuta pande mbili tofauti, na hiyo ndiyo maana ya kutua kwenye upepo wa ubavuni.

Rubani alifanya nusu ya kwanza. Alitia eleroni kushoto, bawa likainama kama inavyotakiwa. Ila miksi, ambayo haijui upepo wala njia, ikaupeleka usukani kushoto pia. Pua ikageukia upepo. Hapo kidole gumba cha kushoto kingeweza kuokoa jahazi kwa kuusukuma usukani kulia kwa nguvu, ingawa sehemu ya mwendo wake ilikuwa imeshaliwa na miksi. Kidole hakikusogea. Badala yake rubani aliirudisha pua kwa eleroni ya kulia, kosa la pili lililozaliwa na la kwanza: bawa la kushoto likainuka na upepo ukaingia chini yake, usukani ukaruka kulia, na Cub ikagusa ardhi kwa gurudumu moja huku ikiteleza kiubavu. Ndege ya gurudumu la mkia haina huruma katika hali hiyo. Uzito wake mkubwa uko nyuma ya magurudumu makuu, kwa hiyo mkia ukiisha kuchepuka hutaka kutangulia mbele. Ikazunguka kama pia na ncha ya bawa ikalima nyasi.

Watetezi wa miksi watasema Cub inaihitaji, na hoja yao ina msingi. Piper J-3 Cub halisi, iliyotoka mwaka 1938, ina mabawa ya takriban mita 10.7 kutoka ncha hadi ncha. Kwenye mabawa marefu hivyo, eleroni inayoshuka huongeza ubebaji wa bawa lake na pamoja nao mkokoto, hivyo pua huvutwa nje ya kona. Lakini tiba ya kwanza ni kuipa eleroni inayopanda mwendo mkubwa kuliko inayoshuka, hata maradufu. Inayobaki ni kazi ya kidole, kwa sababu hitaji la usukani hubadilika na kasi, na ndege ikishatulia kwenye mwinamo hupungua sana. Asilimia iliyogandishwa kwenye rimoti haiwezi kulifuata.

Safu hii imelalamika kuhusu vidole vinavyolala kwa miaka, na haitaacha. Kwenye modi ya 2 ya rimoti eleroni na elevata ziko mkono wa kulia, na wanafunzi wengi huugeuza mkono wa kushoto kuwa mlinzi wa kaba tu. Enzi za ndugu Walter na William Good, waanzilishi wa modeli za redio, hilo halikuwezekana. Modeli yao ya miaka ya 1930, Guff, ambayo sasa imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, haikuwa na eleroni. Usukani ndio uliokata kona, ukisaidiwa na mabawa yaliyoinuliwa ncha. Phil Kraft naye alitwaa ubingwa wa dunia wa ndege za rimoti mwaka 1967 kwa modeli yake Kwik-Fli akiwa na rimoti isiyo na kompyuta wala kumbukumbu ya kuhifadhi miksi. Vijana wa leo wana chaneli kumi na sita na kidole kimoja.

Kuna atakayeitaja Ercoupe, ndege halisi ya abiria wachache. Ni kweli mbunifu wake, Fred Weick, aliunganisha usukani na eleroni, akaondoa pedali, na ndege ikapata cheti Marekani mwaka 1940. Lakini Weick hakuishia kwenye kuunganisha. Aliipa gurudumu la pua na miguu mikuu imara iliyoweza kugusa ardhi pua ikiwa imekaa upande, kisha ndege ikajinyoosha yenyewe. Cub ina gurudumu la mkia. Kuichukulia miksi ya Ercoupe na kuiachia miguu yake ni kuchukua nusu ya hesabu.

Na ndugu Wright? Mwaka 1902 waliufunga usukani wa gilaida yao kwenye kamba za kupinda mabawa. Mwaka 1905, kwenye Flyer III, wakautenganisha, rubani akapewa amri yake peke yake. Waliojaribu miksi mwanzo ndio walioiacha, na hawakuwa na rimoti ya kulaumu.

Cub itatengenezeka, balsa na gundi si ghali. Anayeng'ang'ania miksi aishushe hadi asilimia 15 au 20, aiweke kwenye swichi iliyo karibu na kidole, na aizime kabla ya kona ya mwisho.