Creon analia, lakini anamlilia nani?

Wengi wakimaliza kusoma Antigone ya Sophocles hutoa hukumu ya haraka: Creon, mtawala wa Thebes, alikuwa jeuri, akafiwa na mwana na mke, akazinduka. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni namna tanzia yenyewe ilivyofumwa.

Kwanza, Creon analegea kabla msiba haujamfika. Tiresias, mwaguzi kipofu, anamwambia atalipa maiti kwa maiti, tena ya damu yake mwenyewe. Mzee akishaondoka, Creon anawauliza wazee wa kwaya afanye nini. Jibu lao halina fumbo: kamtoe binti pangoni, kisha mjengee kaburi yule aliyetupwa nje. Binti ni Antigone, aliyefungiwa pangoni kwa kumzika kaka yake Polyneices kinyume cha amri ya Creon; aliyetupwa nje ni huyo Polyneices. Antigone kwanza, Polyneices baadaye.

Creon anageuza mpangilio. Anakwenda uwandani, anayaosha mabaki yaliyoraruliwa na mbwa, anayachoma, anainua tuta la kaburi. Ndipo anashika njia ya pangoni. Anamkuta Antigone keshajinyonga, na Haemon, mchumba wake na mwana wa Creon, amemkumbatia kiunoni. Kijana anamtemea babaye mate usoni, anamshambulia kwa upanga, anamkosa, kisha anajichoma nao ubavuni.

Kwa nini alianza na maiti? Sophocles hatuambii. Nionavyo, Creon alikimbilia kulipa deni la miungu, kwa kuwa Tiresias alishamweleza jinsi ndege na mbwa walivyozinajisi madhabahu za mji kwa nyama ya mfu. Binti aliye hai angesubiri. Na tabia hiyo tumeshaiona mapema: amri yake ilitaja kupigwa mawe hadharani, lakini zamu ya Antigone ilipofika akaamuru afungiwe pangoni na chakula kidogo, ili mji usibebe hatia. Ni mtu wa kuhesabu nani atalaumiwa.

Kisha anarudi na mwili wa mwanawe, na hapa ndipo ninapomvulia Sophocles kofia. Creon, ambaye karibu muda wote huzungumza kwa mizani ya kawaida ya mazungumzo, akipenda sana kutoa mafundisho, sasa anaimba, tena kwa mizani ya kukatikakatika ambayo tanzia za Kigiriki huitumia kwa uchungu mkali. Hata asiyefuata maneno, katika Athens ya miaka ya 440 KK, angesikia mtu akivunjika.

Lakini sikiliza anawalilia akina nani. Anamlilia Haemon. Anamlilia mkewe Eurydice, aliyeondoka kimya baada ya kusikia habari na kujiua madhabahuni. Anakiri kosa ni lake, ingawa mahali fulani anasema mungu alimpiga kichwani. Antigone hamtaji. Polyneices pia hamtaji. Mwili wa Haemon unaletwa mbele yetu, wa Eurydice pia; wa Antigone unabaki pangoni, na jukwaani hakuna anayeuulizia.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Creon, ambaye mwanawe mwingine alikwisha kufa, hana tena hata wa kumzalia huyo mjukuu. Uchungu wake ni wa kweli, lakini hauvuki kizingiti cha nyumba yake. Kwangu huyo amevunjika, hajabadilika. Anayenipinga na anionyeshe mstari mmoja tu katika maombolezo yale Creon anapomtaja Antigone.