Kamba ya Mbali

Nilipomwambia shangazi yangu wa Makunduchi kwamba nakwenda Peru kutazama watu wakisokota kamba, hakuinua hata macho. Alikuwa kakaa mkekani, miguu kainyoosha, usumba umerundikana kuliani kwake na kamba iliyokwisha kusokotwa imejiviringa kushotoni. "Kamba ya mbali haifungi kuni," akasema, na viganja vikaendelea kusuguana. Kwa hesabu yake, nauli ile ingetosha kununua kamba ya kuizunguka Unguja.

Nilikwenda hivyo hivyo.

Kutoka mji wa Cusco gari hupita Combapata na Yanaoca, kisha huambaa nyanda zisizo na mti wa kutoa kivuli, hadi bonde la mto Apurímac katika wilaya ya Quehue. Hapo ni zaidi ya mita 3,600 juu ya bahari. Sisi tuliozaliwa mahali ambapo maji huingia uani hatujui mapafu yetu ni madogo kiasi gani mpaka tufike kule. Nilipewa majani ya koka nitafune. Kichwa hakikuacha kugonga, ila niliweza kusimama na kutazama chini: korongo, maji ya kasi, na juu yake daraja la nyasi la karibu mita 28, limebonyea katikati kama susu.

Linaitwa Q'eswachaka. Kwa Kikechua, q'eswa ni kamba iliyosokotwa na chaka ni daraja, basi. Kila Juni jamii nne, Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue, huliangusha la mwaka jana na kutundika jipya.

Nyasi zenyewe huitwa q'oya, ndefu na ngumu. Hukatwa, huloweshwa, hupondwa kwa mawe mpaka zilegee, kisha husokotwa kati ya viganja viwili, nyasi mpya ikiongezwa kabla ya ile ya kwanza kuisha. Nilipoona viganja vile nilisahau kichwa kinauma. Nilikulia karibu na viganja kama hivyo. Kwetu makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya pwani, yakakaa miezi, yakafukuliwa yananuka hata mbwa hukimbia, yakapigwa kwa gongo mpaka usumba utoke. Malighafi ni tofauti kabisa, lakini ujanja ni ule ule: kila uzi hupotolewa upande mmoja, halafu nyuzi mbili huzungushwa pamoja upande wa kinyume. Kila mmoja unataka kufumuka, na katika kutaka huko unamkaza mwenzake. Hakuna gundi wala fundo. Nilisoma fizikia miaka minne na hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza jambo lile vizuri kama viganja vya shangazi vilivyonieleza, nami hata hivyo sikujifunza kusokota. Nilikuwa na vitabu.

Kila kaya inadaiwa pima zake za uzi. Siku ya kwanza, baada ya paqo, mwenye kazi ya matambiko, kuiomba ardhi na milima idhini, nyuzi huletwa ukingoni na kupimwa kwa mikono iliyonyooshwa, pima kwa pima. Kisha hutandazwa, zikakusanywa nyingi pamoja na kupotolewa kuwa kamba, na kamba zikasukwa kama nywele mpaka zitoke amari nene kama paja. Naziita amari kwa sababu kamba nene namna ile nimezoea kuiona kwenye nanga tu. Amari nne ni za kukanyagwa, na mbili, nyembamba kidogo, ni za kushikwa. Siku ya pili huvushwa na kuvutwa kwa mayowe, watu wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, hadi zikazane kwenye mawe ya kingo. Daraja kuukuu hukatwa likaanguka mtoni, likachukuliwa na maji bila mtu kulililia. Ni nyasi, litaoza.

Siku ya tatu ni ya chakaruwak, mafundi wa daraja. Anayejulikana zaidi ni Victoriano Arizapana wa Huinchiri, aliyeurithi ufundi kwa baba yake. Fundi hukalia amari, miguu ikining'inia juu ya mto, akifuma wavu wa pembeni kutoka kamba ya mkono hadi kamba ya mguu, akisogea kidogo kidogo, huku mwenzake akimjia kutoka upande wa pili. Wanawake hawakaribii wakati huo, ni mwiko. Sikuupenda mwiko ule, nasema wazi, maana nyuzi zinazombeba fundi zimetoka mikononi mwao.

Siku ya nne ni ngoma na chakula. Hapo msafiri mmoja, kamera tatu shingoni, alimuuliza mkalimani daraja lina miaka mingapi. "Siku moja," akajibiwa. Alidhani anataniwa. Alikuwa ameruka bahari kuja kuona kitu cha Wainka, na kwa kweli Wainka walikuwa nalo hili: dola isiyotumia gurudumu wala kujua tao la mawe, yenye barabara za zaidi ya kilomita 30,000, ilivuka makorongo kwa madaraja ya namna hii, na watu wa jirani ndio waliotakiwa kuyatunza. Nilimwonea huruma kidogo. UNESCO yenyewe, mwaka 2013, iliandikisha maarifa, stadi na matambiko ya kulifanya upya daraja. Kuandikisha nyasi zinazotupwa mtoni kila mwaka kungekuwa kichekesho. Mtu wa Makunduchi angeelewa upesi. Sisi kila sikukuu ya Mwaka Kogwa hujenga kibanda cha makuti ili tukitie moto.

Karibu na hapo lipo daraja la chuma, na mwenye haraka hulipita hilo. Kwa hiyo hakuna anayelazimika kusokota. Mwaka 2020 korona ilizuia mkusanyiko, Juni ikapita bila nyasi kukatwa, na Machi 2021 daraja likakatika lenyewe. Hakuna aliyekwama ng'ambo. Lakini Juni ya mwaka ule ule watu wa jamii zile nne walirudi korongoni, wakarusha kamba upya, bila daraja kuukuu la kuwasaidia kuvusha.

Nilirudi na kipande cha q'eswa, shubiri nne, nilichopewa na mama mmoja kule juu kwa ishara tu, maana hatukuwa na lugha. Shangazi alikinusa kwanza. Akauliza ni ukindu? Nikamwambia nyasi. Akafumua ncha, akahesabu nyuzi, akavuta kwa nguvu, akavuta tena.

"Huyu hana pupa," akasema.

Akaisokota ncha pale alipoifumua, nami nikapatafuta mahali penyewe kwa kidole nisipaone. Jioni niliikuta imefunga mdomo wa polo la usumba.