Neno Refu Humegwa

Mwanafunzi wa shule ya serikali Tunduma, Vwawa au Itumba, mkoani Songwe, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza, na ubaoni linamsubiri neno kama transportation. Wengi hulikariri zima zima na kusahau kesho yake. Mwalimu hodari huwafundisha kulimega kama tonge, na huo ni ufundi unaostahili sifa.

Kwanza hulimega kwa ajili ya ulimi: trans-por-ta-tion, silabi 4, makofi 4. Kisha hulimega upya kwa ajili ya maana: trans, kuvuka, port, kubeba, ation, kiambishi kinachogeuza tendo kuwa jina. Mikato hiyo miwili hailingani. Silabi zimeipasua port. Maana imeiacha nzima. Anayejua lini akate kwa sikio na lini kwa maana, huyo ameushika ufundi.

Mji wa mpakani kama Tunduma hauhitaji mfano wa mbali. Shehena inayovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ni export. Inayoingia ni import. Ex ni nje, im ni ndani, port ni ileile. Lakini uangalifu unatakiwa: port ya passport haitokani na kubeba, bali na neno la Kilatini la bandari. Kufanana kwa sura si kufanana kwa maana.

Watoto wetu si wageni wa kazi hii. Chukua hatutawasahau. Lina silabi 7, ha-tu-ta-wa-sa-ha-u, ila sehemu zenye maana ni 5: ha inakanusha, tu ni sisi, ta ni wakati ujao, wa ni wao, na sahau ni mzizi. Hata Kinyiha na Kinyamwanga wanavyozungumza nyumbani hujengwa kwa viambishi vya namna hiyo. Kiingereza kinawaletea vipande vipya tu. Kumega wanakujua tangu utotoni.

Basi, walimu wa Songwe, msianze na orodha ya maneno ya kukariri. Anzeni na hatutawasahau, ndipo mwende kwenye transportation. Aliyefundishwa kumega neno moja vizuri atajisomea mengi ambayo hakuna aliyemfundisha.