Kutoka Joan hadi Judy: Safari ya Kikaragosi Mmoja

Tunapohakiki sanaa za maonyesho, aghalabu humtazama mhusika mkuu na kuwapuuza wanaosimama kando yake. Hilo ni kosa, kwani mara nyingi mhusika mdogo ndiye atuonyeshaye waziwazi jinsi sanaa inavyobadilika. Na tumchukue kwa mfano mke wa Punch, kikaragosi mashuhuri wa Uingereza.

Asili ya Punch ni Pulcinella wa Italia. Tarehe 9 Mei, 1662, Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba ameuona mchezo wa vikaragosi wa Kiitalia huko Covent Garden, London. Vinywa vya Waingereza vikalifupisha jina la mgeni huyo hata likawa Punch. Baadaye akapata mke, jina lake Joan. Mnamo mwaka 1709 jarida la The Tatler lilieleza onyesho la mjini Bath ambamo Punch na mkewe walicheza ngoma ndani ya safina ya Nuhu. Henry Fielding naye alimtaja Joan katika riwaya yake Tom Jones, iliyotolewa mwaka 1749.

Zama hizo vikaragosi vilikuwa vya nyuzi, vyenye mwili mzima na miguu, vikiendeshwa kutoka juu. Mume na mke waliweza kucheza pamoja, na wahusika wengine wakawapo jukwaani. Lakini jukwaa la namna hiyo lilihitaji watu na fedha. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, wachezeshaji walizidi kutumia vikaragosi vya kuvaa mkononi, ndani ya kibanda chepesi cha kubebwa barabarani.

Mwaka 1828 John Payne Collier alitoa maandishi ya mchezo huo kama ulivyochezwa na Giovanni Piccini, pamoja na picha za George Cruikshank. Humo mke si Joan tena. Ni Judy, mwenye pua kubwa kama ya mumewe na kofia ya kitambaa. Wala hachezi ngoma safinani. Anamkabidhi mumewe mtoto, mtoto anatupwa nje, Judy anamchapa Punch kwa fimbo, naye Punch anampokonya fimbo hiyo na kumwua.

Kwa nini Judy afe mapema hivyo? Wako watakaojibu kwamba jamii ile ilicheka kuona mwanamke akipigwa. Jibu hilo lina ukweli, nasi hatuna haja ya kuitetea jamii hiyo. Lakini halitoshi. Mchezeshaji aliye peke yake ana mikono miwili tu. Mkono wa kulia umeshikwa na Punch tangu mwanzo hadi mwisho. Wa kushoto hauna budi kuachwa wazi kwa kila ajaye. Judy lazima aondoke ili mwingine aingie, na kifo ni njia fupi ya kumwondoa. Hapa fani imeyaamuru maudhui.

Basi mwanafunzi asiridhike kusema kwamba mhusika amebadilika. Na aulize: ni nani aliyembadilisha, kwa chombo gani, na kwa hasara ya nani? Joan alipopoteza nyuzi zake, hakupoteza miguu tu. Alipoteza pia nafasi ya kucheza ngoma na mumewe.