Mbiru na "Akili ya Mwafrika": Uhakiki wa Nadharia za Saikolojia

Swali la kwa nini binadamu hutenda anavyotenda si la madaktari peke yao. Kada anayefika kijijini akakuta watu wamegoma hulijibu swali hilo, apende asipende, na jibu lake ndilo linaloamua kama watu hao watasikilizwa au watabezwa. Kwa hiyo tumeona inafaa kuzihakiki nadharia kubwa za saikolojia kwa kuzipima na tukio lililotokea katika nchi yetu wenyewe, huko Upare.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni, ikiwatumia machifu, iliongeza juu ya kodi ya kichwa kodi nyingine iliyoitwa mbiru. Kodi hii ilitozwa kwa kadiri ya mali ambayo mtu alikisiwa kuwa nayo. Wapare waliukataa ukisiaji huo. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi Same, penye makao ya wilaya, wakakaa hapo wakidai kodi ifutwe. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walijitokeza kuwaunga mkono. Mwishowe kodi hiyo iliachwa. Habari hizi zilielezwa kwa kirefu na mwanahistoria Isaria Kimambo katika kijitabu chake cha mwaka 1971.

Sasa tumtazame J. C. Carothers. Daktari huyu aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950, na alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea utabibu wa akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika wa kawaida hufanana na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya Kenya ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau. Humo suala la ardhi iliyoporwa lilirudishwa nyuma, na mahali pake pakawekwa wasiwasi wa mtu aliyeachana na mila zake.

Tukiivaa miwani ya Carothers, tungeona nini pale Same? Tungeona umati usioweza kufikiri, uliovutwa na hofu. Lakini watu wale walijua walichokuwa wakikidai, wakakidai kwa utulivu, siku baada ya siku, mbali na mashamba yao. Kasoro haikuwa ubongoni mwao. Ilikuwa katika kodi. Frantz Fanon, aliyekuwa tabibu wa akili katika hospitali ya Blida, Algeria, tangu 1953 hadi 1956, alizijibu nadharia za namna hii katika kitabu chake cha 1961. Alionyesha kwamba ukoloni huumiza akili za watu, kisha huyataja majeraha hayo kuwa ndiyo maumbile yao.

Nadharia nyingine hazina uovu huo, ila kila moja humchukua mtu kipande. Freud alitafuta chanzo cha maradhi katika mambo ya utotoni yaliyozikwa moyoni. Watson, tangu 1913, na Skinner baada yake, waliutazama mwenendo tu, jinsi unavyojengwa na tuzo na adhabu. Maslow, mwaka 1943, alizipanga haja za binadamu ngazi kwa ngazi, chakula na usalama zikitangulia heshima. Ngazi hiyo inashindwa kumweleza mwanamke wa Usangi aliyeyaacha mahitaji ya nyumbani ili kuitetea haki.

Hata hivyo yatupasa kuwa wakali kwa upande wetu pia. Wapo wanamapinduzi waliofundisha kwamba wendawazimu ni zao la ubepari tu, na kwamba unyonyaji ukikoma nao utakoma. Hilo si kweli. Kifafa na skizofrenia hupatikana katika kila mfumo wa jamii. Ni kweli kwamba umaskini na dhuluma huzidisha maradhi ya akili, lakini mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwapo anahitaji dawa na uangalizi, wala hotuba haimtoshi. Na Urusi ya Kisovieti ilifika mahali pa kuwafungia wapinzani katika hospitali za akili. Mwaka 1983 chama cha madaktari wake wa akili kilijitoa katika chama cha dunia kabla hakijafukuzwa. Hapo Carothers alikuwa amerudi, safari hii amevaa nyota nyekundu. Kada anayesema kwamba mwanakijiji anayehoji michango "hana akili timamu" anafanya kazi ileile.

Kazi ya maana zaidi ilifanyika pasipo makelele. Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili ulianza kwa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, na Same ni wilaya ya Kilimanjaro. Lengo lilikuwa kuisogeza huduma kwenye vituo vya afya na zahanati, ili mgonjwa wa mlimani asiwe na njia moja tu ya kupelekwa mbali, Lutindi au Mirembe, na ndugu zake wasibaki na kamba peke yake. Ajabu ni kwamba mmoja wa waliousaidia mpango huo alikuwa Shirika la Afya Duniani, lilelile lililokuwa limechapisha kitabu cha Carothers miaka thelathini hivi kabla.