Msomaji wa Maandishi ya Safari ni Nani?

Kila ikaribiapo likizo ndefu ya shule, huenea miongoni mwetu karatasi na vijitabu vya kuwaalika watu wazuru misitu, hifadhi za wanyama na fukwe. Zamani maandishi ya namna hii yalipatikana zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa. Siku hizi baadhi yake huandikwa kwa Kiswahili, na wako walimu wanaoyatumia darasani kwa mazoezi ya ufahamu na insha. Jambo hilo ni jema, kwani lugha isiyotumika kupangia mambo ya nyumbani hubaki lugha ya mtihani. Hata hivyo, andishi likishaingia darasani haliwezi kuepa kuhakikiwa. Katika makala haya twakusudia kulipima andishi la safari ya likizo kama tupimavyo andishi jingine lolote: nani asemaye, anamwambia nani, na asemayo yana ukweli kiasi gani. Mifano yetu tutaichukua Rwanda, nchi ndogo yenye msitu, mbuga na mwambao wa ziwa, ambayo mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi.

Kiswahili hakikuanza leo kusimulia safari. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, ambamo mna habari za Sleman bin Mwenye Chande aliyekwenda bara, na za Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Kisha, mwaka 1932, kikatoka kitabu cha Martin Kayamba, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, baada ya mwandishi huyo kwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Waandishi hao hawakuwa na nia moja, wala hawakuwa huru kabisa: safari zile zilikuwa na mabwana wake, na Kayamba alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Lakini katika habari za misafara ya bara msomaji hukuta siku za mwendo, majina ya vituo, hongo iliyotozwa na shida ya chakula. Nalo jina la kitabu cha Kayamba latupa kipimo kinachofaa hata leo. Lina vitenzi viwili: kuona na kufanya. Msafiri si jicho tu; ana miguu, ana mfuko, ana tumbo, na ana watu alioandamana nao.

Tukikichukua kijitabu cha kawaida cha siku hizi, twakuta kwamba kitenzi cha pili kimeachwa. Mandhari ni ya kuvutia, wanyama ni wa kila aina, hewa ni safi, fukwe ni za kupendeza. Ukiliondoa jina la mahali na kutia jingine, sentensi zasimama vilevile. Hapo ndipo penye kasoro ya kwanza. Sifa inayomfaa kila mtu haimsifu yeyote. Wanyarwanda wa kale walilijua jambo hilo vyema: katika ushairi wao wa majina ya ng'ombe, kila ng'ombe wa inyambo alisifiwa kwa jina lake na kwa sifa zilizomhusu yeye. Wala si haki kujitetea kwamba tangazo ni tangazo, na kazi yake ni kusifu. Na lisifu, lakini lisifu kwa kujua. Kusema kwamba Nyungwe ni msitu wa ajabu si kusema neno. Kusema kwamba msitu huo umekaa juu ya mgongo wa nchi, hata mvua inyeshayo upande mmoja ikaishia mto Naili na ile ya upande wa pili ikaishia mto Kongo, ni kumpa msomaji sababu ya kutaka kusimama pale.

Kasoro ya pili imo katika maneno yenyewe, na hii yatuhusu sisi walimu zaidi kuliko mtu mwingine. Neno mbuga, kwa mfano, siku hizi hubandikwa kila hifadhi. Kwa asili mbuga ni uwanda mpana wenye nyasi, na kwa hiyo lafaa sana huko Akagera, mashariki ya nchi, penye nyasi, migunga na maziwa madogo. Lakini Nyungwe ni msitu wa milimani, wenye baridi na ukungu. Anayesema «mbuga ya Nyungwe» humfanya mtoto ategemee pundamilia, akutane na kima. Neno hifadhi lipo, nalo latosha, maana lataja kitendo cha watu cha kulinda bila kudanganya juu ya sura ya ardhi.

Vivyo hivyo kwa neno pwani. Walimu wa sarufi watakumbuka kwamba limetokana na kitenzi kupwa: pwani ni mahali maji yapwapo na kujaa. Ziwa Kivu halipwi wala halijai kwa namna ya bahari. Kwa hiyo «pwani ya Kivu», ingawa yasikika tamu, humnyang'anya mwanafunzi wa bara neno ambalo angelihitaji siku atakapofika Bagamoyo au Tanga, akaona maji ya asubuhi yameondoka jioni. Ziwa lina mwambao, lina ukingo, na penye mchanga lina ufuko. Hatusemi haya kwa kupenda kusahihisha tu. Maneno haya matatu yamebeba elimu ya jiografia, na tukiyachanganya elimu hiyo hupotea bila mtu kutambua.

Liko pia neno kivutio, ambalo limeenea kupita yote. Kivutio ni kitu kivutacho, na katika maandishi haya kinachovutwa ni mgeni. Basi msitu hupimwa kwa nguvu zake za kumvuta mtu wa mbali, na kile msitu ulicho kwa wenyeji wake husahauliwa. Nalo neno safari lenyewe limepata mkasa. Waingereza walilichukua kwetu katika karne ya 19, wakalitumia kwa msafara wa uwindaji, kisha kwa gari la kutazamia wanyama. Sasa larudi kwetu katika vijitabu likiwa na maana hiyo finyu, kana kwamba mama aendaye kumtazama mgonjwa Huye hayuko safarini.

Haya yatuleta kwenye swali la kichwa cha makala. Msomaji wa maandishi haya ni nani? Bei zikiandikwa kwa dola, twapata jibu moja. Pasipotajwa mtoto wala mzee, twapata jibu la pili. Ingawa maneno ni ya Kiswahili, anayesemeshwa ni mtu mzima atokaye mbali, mwenye nafasi na fedha, asiye na mtu wa kumwangalia. Familia ya mwalimu wa Rwamagana, yenye watoto wanne na bibi mmoja, haimo. Ndiyo sababu mtoto wetu akisikia neno mtalii humfikiria mgeni wa ng'ambo, wala hawezi kumfikiria baba yake.

Hebu tulijaribu andishi hilo kwa maswali ya familia hiyo. Wataka kuondoka lini? Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya kiangazi, na njia za udongo hupitika. Machi hadi Mei ni masika. Wataka kuondoka Jumamosi? Ikiwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na njiani hapana mwendo hadi kazi iishe. Bibi amefunga chakula katika mifuko ya plastiki? Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu 2008. Na wafunge kwa kitambaa au kikapu. Watoto wanataka kuwaona sokwe wa milimani katika Hifadhi ya Volkano? Asiyetimiza miaka 15 haruhusiwi, na ni afadhali kuwaambia nyumbani kuliko mlangoni. Wanakwenda Akagera? Mbung'o wa huko huvutwa na nguo nyeusi na za buluu iliyoiva. Sare ya shule ya rangi hiyo na iachwe kabatini. Wanataka kuona Akagera na Nyungwe kwa siku mbili? Akagera iko mashariki na Nyungwe kusini-magharibi, na barabara ya pili imejaa kona. Watoto watatapika, na msitu watauchukia. Ni bora wachague upande mmoja: ama mashariki peke yake, ama Huye, Nyungwe, Rusizi, kisha wapande polepole kwa kufuata mwambao wa Kivu kupitia Karongi hadi Rubavu. Viingilio navyo hutofautiana kwa raia, kwa mkazi na kwa mgeni. Kwa hiyo vitambulisho viwekwe juu ya mizigo, visizikwe chini.

Hakuna hata moja katika majibu hayo linaloharibu uzuri wa mahali. Kinyume chake, ndiyo yanayomfanya msomaji aamini kwamba atafika. Andishi lisiloweza kuyajibu lina upungufu wa sanaa na wa matumizi pia, kwa maana mwandishi wake hakumwona msomaji wake.

Kasoro ya tatu ni nzito kuliko zote, nayo ni kunyamaza. Maandishi mengi hupenda kusema juu ya pori ambalo halijaguswa na mkono wa binadamu. Kauli hiyo haiwezi kusimama Rwanda. Hifadhi ya Akagera ilianzishwa mwaka 1934 na watawala wa Kibelgiji. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu wengi waliokuwa ukimbizini kwa miaka mingi walirejea pamoja na ng'ombe wao wakihitaji ardhi, na mwaka 1997 zaidi ya nusu ya hifadhi ilikatwa wakapewa. Simba wakatoweka. Mwaka 2015 wakaletwa simba saba kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2017 vifaru weusi wakarejeshwa. Nyungwe nayo, ambayo mwaka 2023 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, haina tembo hata mmoja. Wa mwisho alikufa mwaka 1999. Ng'ambo ya mpaka, huko Uganda, Msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Watwa waliokuwa wakiishi kwa msitu huo walitolewa.

Je, mambo haya yamhusu nini mtu anayepanga mapumziko ya watoto wake? Yamhusu sana. Mwanafunzi wa mkoa wa Mashariki huenda amekaa darasani juu ya ardhi iliyokuwa hifadhi alipozaliwa baba yake. Akisoma kwamba pori halikuguswa, ama atadhani kwamba kitabu chasema uongo, ama atadhani kwamba wazazi wake si watu wa kuandikwa. Yote mawili ni hasara kwa mwalimu wa lugha. Lakini akiambiwa kwamba simba anayemwona leo ni mjukuu wa wageni walioletwa kwa ndege, na kwamba nyumba yao na makazi ya simba yalipimwa kwa kamba moja, atakuwa na la kuuliza njiani, na baba atakuwa na la kujibu. Mtwa naye, au mtoto wa Mtwa, akilikuta jina la watu wake katika habari za msitu, atajua kwamba Kiswahili hiki chamjua.

Kuna mfano mzuri wa yale tunayotaka, nao umo ziwani. Jioni mtu aketiye kando ya Kivu huona mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ikienda kuvua sambaza kwa taa. Andishi la vivutio lingesema ni mandhari ya kupendeza, likaishia hapo. Andishi la kweli lingeongeza kwamba samaki hao si wa asili ya ziwa lile: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Lingesema pia kwamba ng'ambo, katika Goma na Bukavu, Kiswahili ndicho lugha ya soko, na kwamba mtoto aliyekisoma darasani Kigali anaweza kukisikia Rubavu kikinunua na kuuza. Kwa familia ya mwanafunzi wetu, hilo pekee latosha kuwa sababu ya safari.

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi moja. Badala ya kumwambia mwanafunzi aandike insha ya «Mandhari Niyapendayo», na aambiwe aandike mpango wa safari ya siku tatu kwa ajili ya familia yake mwenyewe, na atakayeusoma awe mama yake. Ataje watu watakaokwenda na umri wao. Ataje njia, nauli, chakula na malazi. Ataje neno sahihi la kila mahali, kama ni mbuga, msitu au mwambao. Tena aulize mzee mmoja mahali hapo palikuwaje zamani, aandike alichojibiwa. Sifa asikatazwe, ila kila sifa iwe na kitu chake. Wasioweza kusafiri wapange kwenda kilima cha jirani au bonde la karibu, kwani zoezi halihitaji dola.

Mpango huo ukikamilika, mwalimu ausome kwa kipimo tulichokitaja: mna kuona, na mna kufanya? Kisha aulinganishe na kijitabu kilichochapishwa kwa rangi, darasa zima likisikia. Twaamini kwamba mara nyingi daftari la mwanafunzi litashinda. Na hao wanaochapisha vijitabu, wakitaka kweli kuisemesha familia ya nchi hizi kwa Kiswahili, watajua ni wapi pa kuwatafuta waandishi.